Chupa tatu za mafuta ya kunukia: mchaichai na mkaratusi yamefaulu, lavenda ina walakini

Kisanduku hiki kina chupa tatu za mililita 10: mkaratusi, mchaichai na lavenda. Kinauzwa katika maduka ya vipodozi mjini Kampala, na ukitaka chupa mojamoja, zote tatu ni bei moja. Hapo ndipo shaka inapoanzia. Mchaichai huota hata nyuma ya jiko na hukatwa mara kadhaa kwa mwaka. Mafuta ya lavenda mengi hutoka Bulgaria na Ufaransa, yakapanda ndege au meli hadi yafike huku. Vipi yauzwe sawa na ya mchaichai?

Jaribio la kwanza ni la karatasi nyeupe: tone moja la kila chupa, kisha kuacha hadi kesho yake. Tone la mkaratusi liliondoka lote. La mchaichai liliacha kivuli cha manjano, lakini karatasi ilikuwa kavu. La lavenda liliacha duara la mafuta, na karatasi ikiinuliwa dirishani mwanga unapita pale kama kwenye karatasi ya chapati. Lavenda halisi hufuka ikaisha, kwa hiyo humu kumetiwa mafuta mengine mazito. Kuyapaka mwilini si hatari kwa sababu hiyo, ila hujui tone moja lina lavenda kiasi gani, na ukiyatia kwenye mashine ya kusambaza harufu yataiziba. Jaribio hili lina kikomo: halikamati manukato ya kiwandani wala spiriti iliyochanganywa, maana hizo nazo hufuka.

Lebo inasema hayohayo. Mkaratusi umeandikwa Eucalyptus globulus, mchaichai Cymbopogon flexuosus, lakini lavenda imeandikwa "safi" tu. Jina la kisayansi si pambo. Lavandula angustifolia ndiyo inayosifiwa kwa kutuliza. Chotara wake, lavandini, ana kafuri nyingi zaidi na harufu yake ni kali. Hata mikaratusi hutofautiana: mingi inayopandwa Uganda kwa nguzo na kuni ni Eucalyptus grandis, ambayo ina sineoli kidogo, kile kiungo kinachofanya pua ihisi imefunguka. Kuchuma majani barabarani si sawa na kununua chupa hii.

Mafuta haya hupatikana kwa kukenekwa, na aliyewahi kuona pombe ya waragi ikipikwa ataelewa upesi. Mvuke hupita katikati ya majani, hupoozwa kwenye bomba, na kinachodondoka ni maji yenye mafuta yanayoelea juu. Kilo 100 za mchaichai mbichi hutoa chini ya nusu kilo. Kufukiza udi na ubani ni desturi ya kale, ila jina la tiba ya mafuta ya kunukia, aromatherapia, ni la juzi tu: limetoka kwa mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé, aliyelitia katika kitabu chake cha 1937.

Kasoro kubwa kuliko zote iko kwenye karatasi ya maelezo. Inaagiza matone 10 ya mkaratusi katika kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida, kisha mtoto apakwe kifuani na puani. Kijiko hicho ni mililita 15 na matone 20 ni karibu mililita moja, kwa hiyo mchanganyiko unapita asilimia 3. Mtu mzima anatosheka na asilimia 2, yaani matone 6. Mtoto wa chini ya miaka 10 asipakwe mkaratusi usoni wala karibu na pua hata kidogo, kwani sineoli inaweza kumbana pumzi. Kwa mchaichai punguza zaidi, matone 2 kwa kijiko, kwa sababu kiungo chake kiitwacho sitrali huwasha ngozi na inaweza kuleta mzio usioisha. Mafuta ya simsim yanafaa kuchanganyia, au yale ya mshea wa Acholi na Lango, kaskazini mwa Uganda, ambayo huyeyuka yakigusa ngozi.

Karatasi hiyo pia inashauri tone moja kwenye chai. Usifanye hivyo. Mililita 5 za mkaratusi, nusu ya chupa hii, zinaweza kumtia mtoto degedege na kumlaza hoi, na kifuniko chake hufunguliwa na mtoto yeyote. Akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kwa kujifukiza, epua maji, yaache dakika chache, tia matone 2 au 3, fumba macho, usipite dakika 10. Watoto wasiingizwe chini ya blanketi na sufuria ya moto. Wengi huungua hivyo. Mwenye pumu aache kabisa. Pua itahisi nafuu, lakini mafua hayaponi kwa harufu, na malaria ndiyo kabisa. Madai kwamba mchaichai hufukuza mbu usiku kucha si kweli: nguvu yake huisha kwa saa moja au mbili, kwa hiyo neti yenye dawa ibaki palepale.

Chupa zote ni za kioo cheusi, jambo jema. Lakini ya mchaichai ina kidondoshi chenye mpira, na mvuke wa mafuta huulainisha mpira hadi unanata na kudondokea ndani. Ya mkaratusi ina kizibo cha plastiki kinachotoa tone mojamoja. Hicho ndicho kilistahili zote tatu. Ukinunua mchaichai, uhamishie kwenye chupa ya namna hiyo siku hiyohiyo, andika tarehe ya kufungua, na uuweke mbali na jua la dirishani. Lavenda iache dukani.