Pampu ya Sola kwa Bustani ya Mboga: Tathmini kutoka Bonde la Pangani

Pampu ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya kuvuta maji kwa nguvu ya jua, isiyo na betri, yenye paneli mbili za jumla ya wati 300, ambayo familia yetu inaitumia kumwagilia nyanya na vitunguu kando ya Mto Pangani, chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Jina la kampuni iliyotuuzia sitalitaja, kwa kuwa pampu za namna hii zinauzwa na kampuni kadhaa na mengi nitakayoyaeleza yanazihusu zote. Ni chombo kizuri, ambacho mkulima asiyefikiwa na nguzo za TANESCO anaweza kukitegemea, mradi auziwe kwa vipimo vya shamba lake na si kwa maneno ya tangazo.

Tangazo lilisema pampu hii inamwagilia ekari mbili, na ningependa kila anayefikiria kununua afanye hesabu ifuatayo kabla ya kutoa fedha. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, na mboga wakati wa kiangazi hutumia maji ya kina cha milimita 5 hivi kwa siku, ambayo ni takribani lita 20,000 kila siku. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 10 kunahitaji nishati ya wati-saa 27, lakini pampu ndogo na mota yake hupoteza sehemu kubwa njiani, kwa hiyo ni haki kukadiria wati-saa 80. Paneli za wati 300 zikipata jua kali kwa saa tano hutoa wati-saa 1,500, tena pungufu ya hapo kwa sababu ya joto na vumbi. Ukigawanya 1,500 kwa 80 unapata lita 18,750 hivi kwa siku, na hapo utaona kwamba kwa kimo cha mita 10 pampu hii haimalizi hata ekari moja, ilhali maji yakiwa mita 5 tu chini ya shamba inaimaliza vizuri. Ekari mbili ni ahadi ya mtu ambaye hajauliza maji yako yako wapi.

Ndani ya mipaka hiyo, imebadilisha maisha ya hapa nyumbani kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Petroli ya kijijini huuzwa kwenye chupa kwa bei ya juu kuliko ya kituoni, na mafuta yakikosekana wiki ambayo nyanya zinatoa maua, hasara yake huonekana sokoni. Mashine ya petroli pia ni nzito, na kamba yake ya kuwashia inataka nguvu, jambo lililowafanya kina mama wengi wamsubiri kijana wa kuwawashia. Sasa mama yetu anafungua paneli asubuhi, anaunganisha nyaya, na maji yanatoka bila kumwomba mtu. Jioni paneli zinarudishwa ndani, kwa sababu wizi upo, na kwa hilo ninaipongeza kampuni kwa kuzitengenezea fremu nyepesi yenye miguu ya kukunja.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyetueleza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba pampu ya sola haiwezi kuingia mahali pa pampu ya petroli huku njia ya kumwagilia ikibaki ileile. Pampu ya petroli ya inchi mbili husukuma zaidi ya lita 20,000 kwa saa, yaani hutoa kwa saa moja kile ambacho hii yetu hutoa kwa siku nzima, na mifereji na majaruba yetu yalichimbwa kwa kasi hiyo. Maji ya sola yakiachiwa kwenye mfereji mrefu wa udongo wa kichanga hunywewa na ardhi kabla hayajafika kwenye tuta la mwisho, na mkulima hudhani pampu ni dhaifu. Tulipoanza kupeleka maji kwa mpira hadi kwenye kila tuta, na baadaye kuyajaza kwenye simtank iliyoinuliwa ili yashuke kwenye mipira ya matone, maji yaleyale yalitosha. Gharama ya tangi na mipira hiyo haimo katika bei ya pampu, ingawa bila vitu hivyo thamani ya pampu hupungua nusu. Kampuni inayotaka wateja wake wafanikiwe ingeviuza vyote pamoja kama mfumo mmoja.

Kuhusu visima, pampu inayokaa juu ya ardhi kwa kawaida haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 6 au 7, hata ukiiongezea paneli, kwa sababu maji hupandishwa kwenye bomba la kuvutia na mgandamizo wa hewa, na mgandamizo huo una kikomo. Kisima kinachofaa mwezi Mei chaweza kushindikana mwezi Oktoba maji yakishuka. Mwenye kisima kirefu anunue pampu ya kuzamishwa.

Kwa kuwa jua halilipiwi, pia inashawishi kuvuta maji kutwa nzima. Bonde hili tayari lina wakulima, wafugaji na mitambo ya umeme wa maji inayoutegemea mto huohuo. Anayevuta maji ya mto kwa umwagiliaji anapaswa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na wakala wa mauzo hakulitaja jambo hilo hata kidogo.

Huduma baada ya mauzo ndiyo iliyonisikitisha. Kidhibiti cha umeme, kile kifaa kilicho kati ya paneli na pampu, kiliungua, na fundi wa kampuni alichelewa kiasi kwamba tulirudi kuazima mashine ya petroli ya jirani ili kuokoa vitunguu. Alipofika alifanya kazi nzuri na dhamana iliheshimiwa. Hata hivyo zao halisubiri, na kidhibiti kimoja cha akiba kwa wakala wa wilaya kingetosha kuwalinda wakulima wengi.

Tulilipa kiasi kidogo cha awali, na kinachobaki kililipwa kila mwezi kwa simu, na ukichelewa pampu hufungwa kwa mbali mpaka ulipe. Ninaelewa kwamba kampuni nayo ina mkopo wa kurejesha. Lakini mkulima wa vitunguu hupata fedha anapovuna, na katikati ya msimu, anapolipa mbolea na dawa, hana kitu mfukoni. Kuifunga pampu wakati huo ni kuua zao ambalo lingelipa deni lote. Malipo madogo sana yawekwe katika miezi ya kukuza na makubwa katika miezi ya mavuno, na kalenda hiyo iandikwe kwenye mkataba kulingana na zao la kila mteja, siku ileile wakala anapokuja na kamba kupima kina cha maji.