Kamera za SpotAzores na safari yetu ya São Miguel: uzoefu wangu

SpotAzores naipa nyota tano kati ya tano. Ni huduma ya bure, inapatikana kwenye tovuti na kama programu ya simu, na kazi yake ni kukuonyesha picha za moja kwa moja kutoka kamera zilizofungwa sehemu mbalimbali za visiwa vya Azores: kwenye maziwa ya kasoko (mashimo ya volkano), fukweni, bandarini. Ukisimuliwa hivyo unaweza kuiona ni kitu cha kupitishia muda tu. Kwa anayepanga kwenda São Miguel, mimi nasema aanze na hiyo kabla hata hajachagua pa kulala.

Sababu ni mawingu. São Miguel ni kisiwa kikubwa kuliko vyote tisa vya Azores, mali ya Ureno, katikati ya Bahari ya Atlantiki, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa ndege kutoka Lisbon. Urefu wake ni kama kilomita 65 na kimejengwa na volkano zilizopangana: Sete Cidades upande wa magharibi, Lagoa do Fogo katikati, Furnas mashariki. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga miteremko, unapanda, unapoa, unageuka wingu na kukaa juu ya kilele. Ndiyo maana mjini Ponta Delgada watu wanaota jua barazani, na wakati huohuo aliyesimama ukingoni mwa kasoko haoni hata gari lake aliloliegesha nyuma yake. Utabiri wa kawaida wa kwenye simu hausaidii, kwa kuwa unakupa alama moja ya jua na wingu kwa kisiwa kizima, nacho kina hali nne tofauti kwa saa moja.

Safari hii niliipanga kwa ajili ya mama. Alikuwa amekuja kunitembelea Ujerumani, na viza yake ya Schengen inafika mpaka huko, kwa sababu Azores ni sehemu ya Ureno kama Lisbon ilivyo. Ndege ya kutoka Lisbon ni ya ndani ya nchi. Mama ni mtu wa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Ukungu anaujua, ziwa la kasoko analijua. Ngosi, mlima wa huko wenye ziwa hilo, aliupanda kwa miguu enzi za ujana wake. Sasa magoti yanamsumbua. Sikutaka kumpandisha mlimani, kumshusha garini, halafu nimwonyeshe weupe mtupu.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulilala sehemu moja tu, Ribeira Grande, pwani ya kaskazini, kwa kuwa iko karibu na kati ya kisiwa na hakuna unakotaka kwenda kulikozidi sana saa moja kwa gari. Hatukuipa siku yoyote kazi yake mapema. Tulikuwa na orodha ya tunakotaka kufika, basi. Asubuhi, chai ikiwa mezani, mke wangu anafungua kamera na kumpa mama simu: Sete Cidades nyeupe, Lagoa do Fogo nyeupe, Furnas kuna jua. Haya, Furnas. Mama alilipenda zoezi hilo mpaka akawa ndiye anayeamua. Kitu kimoja cha kuzingatia: kamera inakwambia hali ilivyo sasa, haikwambii itakavyokuwa baada ya nusu saa ukiwa barabarani. Hilo si kosa la mwenye kamera. Ukiona kumefunguka, ondoka, chai utamalizia ukirudi.

Sete Cidades tuliipata hivyo. Kamera ilionyesha maziwa yote mawili, tukaingia garini. Sehemu ya kutazamia inaitwa Vista do Rei, kwa kumbukumbu ya Mfalme Carlos wa Ureno aliyefika hapo mwaka 1901, na uzuri wake kwa wazee ni kwamba pa kuegesha gari ni palepale. Hatua chache tu unaona kila kitu. Chini kuna shimo la volkano lenye upana wa kilomita 5 hivi, kijiji ndani yake, ziwa moja la buluu na moja la kijani, na daraja linapita kati yao. Mama alitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mwanangu, Ngosi tulipanda mpaka tukakaa chini njiani. Hapa gari limetufikisha mlangoni." Yeye alikuwa akishangaa kitu kingine pia, kwamba ndani ya kasoko kuna ng'ombe wa maziwa na watu wanaishi. Nikamkumbusha kwamba hata wao Tukuyu wanalima juu ya majivu ya volkano.

Gari sasa. Bila gari São Miguel ni ngumu. Mabasi yapo, lakini yamepangwa kwa ajili ya wanaokwenda kazini na shuleni, na huwezi kubadili uelekeo asubuhi kwa sababu ya wingu. Kampuni tuliyokodi naipa nyota mbili na sitaitaja. Wakati wa kulipia mtandaoni waliandika kwamba kadi yoyote ya benki inakubaliwa. Dirishani wakasema dhamana lazima iwe kwenye kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva, la sivyo tununue bima yao ambayo ingekaribia bei ya kukodi gari lenyewe. Kadi ya namna hiyo alikuwa nayo mke wangu, basi akaandikwa yeye kuwa dereva. Najua Waswahili wengi wa Ulaya tuna kadi za kawaida tu, za kukata fedha moja kwa moja kwenye akaunti. Waandikieni kabla ya kulipa, na jibu lao mlihifadhi. Na kama huendeshi gari la gia za mkono, wahi kukodi: ya otomatiki ni machache, na mwezi wa saba na wa nane hukuti kitu.

Siku ambayo kamera zote zilikuwa nyeupe tulikwenda Gorreana, shamba la chai. Hapo mvua haina neno. Kwa mama hiyo ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Gorreana inafanya kazi tangu mwaka 1883 na inahesabiwa kuwa shamba la chai kongwe kuliko yote Ulaya yanayoendelea kuzalisha. Kisiwa kilikuwa kikiishi kwa machungwa yaliyouzwa Uingereza. Magonjwa yalipoimaliza michungwa, wenye ardhi wakatafuta zao jingine, na mwaka 1878 wakaletwa Wachina wawili kutoka Macau kuwafundisha kusindika majani. Kuingia ni bure, chai ya kuonja ni bure, unatembea mwenyewe kati ya mashine za zamani za kusagia na kukaushia ambazo bado zinazunguka. Mama alivuna chai Rungwe akiwa msichana. Alisimama mbele ya mashine ya kusagia akaanza kutueleza sisi kila hatua, jani linanyaushwa, linasagwa, linaachwa libadilike rangi, linakaushwa, na mhudumu aliyekuwa pembeni, bila kuelewa Kiswahili, akawa anatikisa kichwa kukubali. Nje mashamba yanateremka kuelekea baharini. Mama akachuma majani mawili na chipukizi kwa vidole viwili, upesi, akanusa. Akasema chai yao ni nyepesi, ila imepikwa na mtu anayejua. Tulinunua pakiti za kijani na nyeusi. Kwa wenzangu wa Mufindi, Lushoto na Kericho, hapa msipite bila kusimama.

Furnas ni bonde lenye mvuke unaotoka ardhini, harufu ya kiberiti imejaa, na watu wanapikia joto la ardhi hiyo. Chakula chao kinaitwa cozido: nyama ya ng'ombe, nguruwe, kuku, soseji, kabichi, viazi na magimbi, vyote vinapangwa kwenye sufuria moja kubwa na kufukiwa kwenye mashimo kando ya ziwa kwa saa sita hivi. Ndiyo, magimbi, yaleyale ya kwetu. Wao wanayaita inhame. Ukifika kabla ya saa sita mchana unaona wahudumu wakifukua sufuria. Mke wangu ni mtoto wa Tanga na hali nguruwe, na hili wasafiri Waislamu walijue mapema: kila kitu kinaiva sufuria moja, kwa hiyo kuchomoa kipande cha nguruwe sahanini hakusaidii lolote. Tulipiga simu mgahawani siku moja kabla tukaeleza, wakamwandalia samaki na magimbi yaliyochemshwa peke yake. Ya kwetu ilikuwa tamu, laini, kabichi ikiwa na moshi kidogo. Mama alimaliza magimbi yake na ya kwangu.

Bustani ya Terra Nostra, hapohapo Furnas, ilianzishwa mwaka 1775 na mfanyabiashara wa Kimarekani, Thomas Hickling. Bwawa lake la maji moto lina rangi ya udongo kwa sababu ya chuma kilichomo, na linaacha madoa kwenye nguo. Vaa ya zamani. Mama alikaa humo na magoti yake mpaka vidole vikakunjamana, akakataa kutoka. Kwa mzee, tiketi hiyo imelipa kuliko zote.

Nyangumi hatukwenda kuwaona. Mama na boti havipatani. Lagoa do Fogo tuliiona kutoka juu barabarani. Kama unakwenda kiangazi, ulizia kwanza, maana miezi ya watu wengi magari binafsi yamekuwa yakizuiwa sehemu ya barabara hiyo mchana, na unapandishwa kwa basi dogo.

Nguo: koti la mvua na sweta hata mwezi wa sita, tulipokwenda sisi. Saa za huko ni moja nyuma ya Lisbon, na wakati wa kiangazi ni tatu nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo pigeni simu nyumbani kabla ya chakula cha jioni, wazee hawajalala. La mwisho ni tiketi ya kurudi. Upepo huchelewesha ndege za visiwani, basi msiunganishe siku hiyohiyo na ndege ndefu ya kwenda Dar au Nairobi. Sisi tulilala Lisbon, na mama akaondoka kesho yake asubuhi na pakiti zake za chai.