Faini za trafiki Dar: kuangalia, kulipa na kupinga, uzoefu wangu kama mwenye gari

Mimi siendeshi. Nina Toyota IST moja, gari dogo, inayopiga teksi mtandao hapa mjini, dereva ni kijana wa Mbagala, na Jumapili jioni ndiyo siku yetu ya hesabu. Kwa hiyo faini huwa nazikuta kwenye simu, sio barabarani. Yeye anasimamishwa, mimi naona. Nimeutumia mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi muda mrefu sasa, nimelipa za halali na nimepinga moja ambayo haikuwa yetu, na kila nikikaa na wenzangu wenye vyombo naulizwa yaleyale. Leo nayajibu kwa mkupuo.

Kuangalia deni ni kazi ya dakika moja. Unafungua tms.tpf.go.tz, unachagua unatafuta kwa kitu gani: namba ya gari, namba ya leseni, au namba ya kumbukumbu iliyo kwenye karatasi ya faini. Namba ya gari naiandika kwa kuibana, T, tarakimu tatu, herufi tatu, bila kuacha nafasi. Linakuja jedwali lenye tarehe, mahali, kosa, kiasi, adhabu ya kuchelewa na jumla. Hujisajili, huwekewi nywila, hutozwi senti. Maana yake ni kwamba hata jirani yako akitaka kujua gari lako linadaiwa nini atajua, ila mimi hilo halininyimi usingizi. Kinyume chake, uwazi huo ndio ulioniokoa, nitafika huko.

Wengi wanaishia kwenye namba ya gari na kusahau kwamba leseni nayo inatafutika. Kabla sijamkabidhi mtu ufunguo, naomba leseni yake, naingiza namba, nasoma. Kijana mmoja alikuja kuomba gari kwa maneno matamu kabisa, "mama, mimi naendesha kwa adabu," kuangalia naona kuzidisha mwendo, kuzidisha mwendo, kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na hakuna iliyolipwa. Nikamwambia baba, kalipe kwanza hizo halafu tuongee. Hakurudi.

Kiasi ni shilingi 30,000 kwa kosa. Nasisitiza kwa kosa, sio kwa kusimamishwa. Trafiki akimsimamisha dereva kwa mwendo, akazunguka gari akakuta tairi kipara, hayo ni makosa mawili. Bodaboda na bajaji wao walipunguziwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya mwaka 2021, kwa hiyo mwenye bajaji akiambiwa atoe 30,000 ana haki ya kuuliza. Ukipitisha siku 7 bila kulipa, inaongezwa robo, yaani 30,000 inakuwa 37,500. Ndiyo sababu naangalia kila Jumapili kabla kijana hajafika. Siku 7 ni wiki, na wiki ina Jumapili moja, hesabu inaingiana vizuri.

Kulipa nako sina malalamiko. Kila faini ina namba yake ya malipo ya Serikali, ile ndefu ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Mimi natumia M-Pesa: *150*00#, lipa kwa M-Pesa, malipo ya Serikali, naingiza namba. Mwenye Airtel Money anapitia *150*60#, na benki zote kubwa zinapokea kwa wakala au kwa programu zao za simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, tulia usome jina la anayepokea na kiasi. Ukiona jina la mtu binafsi, achana nalo. Wapo watu wanaotuma meseji "gari lako lina deni, tuma kwenye namba hii tukufutie nusu bei", na wapo wengine wanaokaa karibu na vituo vya polisi kwa kazi hiyohiyo, uso kwa uso. Vishoka hao. Faini ya Serikali haiingii kwenye laini ya mtu. Meseji ya malipo niliyolipa mwenyewe siifuti, naipiga picha na kuiweka kwenye faili la gari pamoja na bima.

Sasa suala linalogombanisha watu kuliko yote: nani alipe? Mfumo haujali, deni limekaa kwenye gari, na gari ni lako. Sisi tumekubaliana hivi, tena kwa maandishi. Kosa la mguu na mkono ni la dereva: mwendo, taa nyekundu, simu sikioni, kuingia njia ya mwendokasi, kuegesha pasiporuhusiwa. Kosa la chuma ni langu: tairi, taa, wiper, bima iliyoisha. Kuna siku tuligombana kwenye mkanda. Aliandikiwa kwa kutofunga mkanda, akadai kifungio kimelegea tangu mwezi uliopita na alishaniambia. Nikashuka kuangalia. Kweli, ukibofya unalia kama umeingia, ukivuta unachomoka. Nikalipa, na kesho yake fundi akabadilisha kifungio.

Mwanzoni alikuwa na hoja nyingine, kwamba kumalizana barabarani kwa elfu tano ni nafuu kuliko kuandikiwa 30,000. Nilimkatalia. Elfu tano haina risiti, na haimalizi kitu, maana gari likishajulikana kwamba linatoa, litasimamishwa kila likipita. Nikamwambia wakikuomba waambie "afande, niandikie, bosi wangu ni mkorofi, anataka karatasi." Ananiuza kwa jina hilo mpaka leo na inamsaidia.

Haya, kupinga. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu.

Jumapili moja nafungua jedwali nakuta mstari mpya: kuzidisha abiria. IST! Gari la watu watano na dereva akiwemo. Nikaangalia mahali, ni mkoa wa bara ambao gari langu halijawahi kukanyaga. Nikaangalia tarehe, siku hiyo gari lilikuwa Sinza kwa fundi, giaboksi imeshushwa chini, haliwezi kusogea hata kwa kusukumwa na malaika. Leseni iliyoandikwa nayo si ya kijana wangu.

Wenzangu wengi waliniambia lipa tu dada, elfu thelathini ya nini kusumbuka nayo. Mimi naona huo ni ushauri mbaya. Ukilipa umekubali, na kosa linabaki kwenye historia ya gari. Tena kama namba yako inachanganywa na ya mtu mwingine, haitachanganywa mara moja tu.

Nikakaa na simu nikaanza kuchezea herufi. Namba yetu inaishia na F. Nikabadilisha F nikaweka E, nikatafuta. Ikaja orodha: kuzidisha abiria, kuzidisha abiria, tena mkoa uleule. Basi nikaelewa. Hiace ya mtu ina E, mvua imenyesha, tope limefunika mguu wa chini wa ile E, na askari aliyesimama mbele yake akaona F. Hakukuwa na hila, ni uchafu wa kibao tu. Picha ya skrini ya magari yote mawili nikaiweka pembeni.

Kesho yake nikaenda kituo cha jirani. Sikitaji jina, maana walinipokea vizuri. Nilimkuta mzee mmoja mwenye nyota zake, nikampa shikamoo, nikamwekea karatasi mezani. Alizisoma zote, akavua miwani. "Mwanangu, umeonewa, lakini hii sisi hatuigusi. Inaguswa kule ilikoandikwa." Kisha akanifundisha cha kufanya, na hili ndilo nataka mlishike kuliko yote niliyoandika: barua iende kwa mkuu wa usalama barabarani wa mahali faini ilipoandikwa, iwe na namba ya kumbukumbu ya faini, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nilichoambatanisha ni kopi ya kadi ya gari, risiti ya fundi yenye tarehe, historia ya traka (kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi) ya siku ile inayoonyesha gari limelala Sinza, kopi ya leseni ya dereva wangu, na yale majedwali mawili. Kama huna traka kwenye gari la biashara, weka. Mimi nilinunua kwa hofu ya wizi, kumbe ndiyo shahidi wangu. Picha ya gari likiwa juu ya mawe gereji nayo niliitia, ingawa fundi aliona nimezidisha.

Barua nikaipeleka kwa basi, kwa ndugu yangu aliye kule, akaifikisha kwa mkono na kurudisha nakala yenye muhuri. Bila ndugu sijui ningefanyaje, pengine ningepanda basi mwenyewe, na nauli ya kwenda na kurudi ingeshindana na faini yenyewe. Hiki ndicho kikwazo cha kweli cha kupinga. Kulipa unalipa ukiwa kitandani, kupinga kunataka miguu. Nilipiga simu, nikaambiwa inashughulikiwa, nikapiga tena. Huku nyuma siku 7 zikapita, deni likawa 37,500.

Katikati ya hapo kijana akasimamishwa Ubungo. Afande akaingiza namba kwenye mashine, deni likatokea. Kijana akatoa nakala ya barua yenye muhuri, niliyomwambia asiitoe kwenye dashibodi. Afande akaisoma mpaka mwisho, akaangalia ile IST, akaangalia tena neno "kuzidisha abiria", akacheka. "Nenda. Mwambie bosi wako afuatilie." Bila ule muhuri nina uhakika gari lingelala kituoni.

Asubuhi moja nafungua jedwali, mstari haupo. Hakuna meseji iliyokuja wala simu iliyopigwa, umeondoka kimya kama ulivyoingia. Na ile 7,500 ikaondoka nayo.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema kupinga kunawezekana, ila bahati kubwa ni kupingia palepale barabarani kabla karatasi haijachapwa. Kijana wangu sasa anajua la kufanya akipigwa tochi, yaani kile kipima mwendo cha trafiki. Anashuka kwa adabu, anasalimia, anaomba kuona picha. Mara nyingi anayepiga tochi yuko nyuma huko na anayesimamisha yuko mbele, picha inatumwa kwa simu, na unaruhusiwa kuomba kuiona. Soma namba ya gari kwenye picha, soma mwendo, soma saa. Halafu uliza ilipigwa wapi, maana 50 ni ya eneo la makazi na vibao vyake vina mwanzo na mwisho. Siku moja Barabara ya Bagamoyo aliambiwa kazidisha, akaomba picha, gari lililoonekana ni la rangi kama yetu lakini namba nyingine. Afande akamrudishia leseni, akamtakia safari njema. Kelele zingemletea karatasi.

Na kama umeona picha, ni gari lako, lakini bado unaamini hukukosa? Sheria haikulazimishi kulipa papo hapo. Faini ya barabarani ni kwa anayekubali kosa. Anayekana anasema anakana, na suala linakwenda mahakamani. Mimi sijafika huko. Mwenye daladala mmoja ninayemfahamu alifika, akashinda, lakini gari la biashara likikaa siku nzima bila kazi kwa ajili ya kesi unajua mwenyewe hesabu inavyokuwa. Ana msimamo kuliko mimi.

Msichanganye faini hizi na ushuru wa maegesho. Huo ni deni lingine, lina mfumo wake, na unaweza kuwa safi kwa trafiki huku unadaiwa maegesho ya Kariakoo. Angalia pande zote mbili.

Hasa ukinunua gari la mkononi. Shemeji yangu alikuwa anachukua Noah kwa mtu wa Tegeta, bei wameshakubaliana, pesa iko kwenye begi. Nikamwambia nitajie namba. Tukaingiza pale pale kibarazani, likashuka jedwali refu, kuzidisha mwendo Kibaha, taa, mkanda, zote zina adhabu za kuchelewa juu yake. Muuzaji akasema "ah, hizo nilishalipa, mfumo tu haujasoma." Shemeji akamjibu kwa upole kwamba basi atoe meseji za malipo. Hakuwa nazo. Akaomba apunguze bei shemeji alipe mwenyewe, tukakataa, maana ukishaandikishana deni ni lako na maelezo ni yako. Akachukua simu akaanza kuingiza namba za malipo, moja baada ya nyingine, huku mke wake anatuletea chai.