Mrija wa kupunguza maji ya ubongo kwa mtu mzima: uzoefu wangu

Niliwekewa mrija baada ya kugundulika kuwa na kichwa maji cha presha ya kawaida, yaani maji kujaa ndani ya ubongo bila presha yake kupanda sana, ugonjwa wa watu wazima ulioelezwa na Salomón Hakim, daktari wa Colombia, katika miaka ya 1960. Dalili zake tatu nilikuwa nazo zote: kutembea nikiburuza nyayo kana kwamba zimenata sakafuni, mkojo usiosubiri, na usahaulifu.

Kabla ya upasuaji nilitolewa maji mgongoni kwa sindano, kwa kawaida kati ya mililita 30 na 50, huku nikitembezwa kabla na baada ya hapo na hatua zangu za kugeuka zikihesabiwa. Zilipopungua waziwazi, nilishawishika kwamba mrija ungenisaidia, kuliko nilivyoshawishiwa na picha zozote za ubongo. Hata hivyo, kipimo hicho si hukumu ya mwisho, kwani wapo wasiopata nafuu kwa sindano ambao baadaye husaidiwa na mrija.

Upasuaji wenyewe hauna simulizi ndefu: unalazwa usingizi, fuvu linatobolewa tundu dogo, na mrija unapitishwa chini ya ngozi hadi tumboni, ambako maji hayo hufyonzwa na mwili.

Kazi kubwa iko kwenye vali, kidude cha kwenye mrija kinachodhibiti kiasi cha maji yanayopita. Yangu hurekebishwa kwa kifaa chenye sumaku kinachowekwa juu ya ngozi, bila kisu, na nashauri kila anayepewa nafasi ya kuchagua achague ya aina hiyo. Mwanzoni iliwekwa ipitishe maji kidogo, na mwendo ukabaki mzito. Ilipolegezwa nikawa mwepesi, lakini kichwa kikawa kinaniuma kila nikisimama na kutulia nikijilaza, ishara kwamba maji yanatoka kupita kiasi, jambo ambalo likipuuzwa huweza kuleta damu kati ya ubongo na fuvu. Ilikazwa kidogo, maumivu yakaisha. Lawama yangu ni kwamba sikuelezwa mapema kuwa sumaku ya mashine ya MRI huweza kubadilisha mpangilio wa baadhi ya vali, hivyo vali hizo zikaguliwe baada ya kila kipimo cha namna hiyo.

Kwa upande wa matokeo, miguu ndiyo iliyofaidika zaidi: nageuka mlangoni bila kushika ukuta. Mkojo sasa unanipa muda wa kufika chooni. Kumbukumbu imeongezeka kidogo tu, na majina ya watu bado yananiponyoka.