Darasa la wajawazito katika zahanati yetu, Tanga: zuri, ila dalili za hatari zinapewa dakika za mwisho

Darasa la matunzo ya mtoto mchanga linalotolewa bila malipo katika zahanati ya mtaani kwetu hapa Tanga linamfaa kila mjamzito, hata aliyekwisha kuzaa, kwa kuwa wakunga wake wanatambua kwamba anayemwogesha mtoto siku za kwanza mara nyingi si mama yake, bali bibi. Kwa hiyo kila mjamzito huombwa aje na mama yake au mama mkwe, na mafundisho huelekezwa kwao kwa heshima, pasipo kuwakaripia.

Somo la kitovu ndilo lililonivutia zaidi. Mkunga alimkabidhi bibi mmoja mwanasesere aliyefungwa kipande cha uzi tumboni, akamwuliza, "Mama, huyu nyumbani mngempaka nini?" Majibu yakamiminika: mafuta ya nazi, majivu, hata dawa ya meno. Hakuwacheka, alieleza kwamba kitovu kibichi ni njia ya vijidudu kuingia mwilini, vikiwemo vya pepopunda, na kwamba kinatakiwa kiachwe kikavu na kisafi mpaka kidondoke chenyewe, huku nepi ikikunjwa chini yake ili mkojo usikifikie. Bibi yule akaikunja mbele yetu, akairudia hadi ikakaa sawasawa.

Suala la kuogesha lilizua ubishi, na ni haki yake, maana wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtoto hutoka mchafu. Mkunga alishikilia kwamba asiogeshwe kabla ya saa 24, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Afutwe, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya mwanzo ya njano yasikamuliwe na kumwagwa. Matunzo ya kangaruu kwa mtoto njiti, yaani kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi ili apate joto, yalionyeshwa kwa kanga ya kawaida, jambo linalowezekana katika nyumba yoyote.

Kasoro yake kubwa ni mpangilio. Dalili za hatari zilisomwa harakaharaka watu wakiwa wameshashika mikoba: kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi, viganja na nyayo kuwa vya manjano. Kuhesabu pumzi kunahitaji saa na mazoezi ya dakika nzima, na hakuna aliyejaribu, ilhali hilo ndilo litakaloamua usiku kama mtoto apelekwe hospitali au asubiriwe hadi kuche. Akina baba nao hawakualikwa, ingawa nauli ya bodaboda ya usiku huo kwa kawaida imo mfukoni mwao.

Atakayekwenda afike mapema, kwani viti ni vichache, na amwombe mkunga aanze na dalili hizo kabla ya somo lingine lolote.