Mvinyo wa kununua Nakuru: mpangilio wa muuzaji asiyekunywa

Nauza mvinyo mjini Nakuru, na pombe sinywi. Wateja wengine wakisikia hivyo husita: nitawashauri vipi kuhusu kitu nisichokionja? Ukweli ni kwamba anayeonja hukuuzia anachokipenda yeye. Mimi nasoma lebo, namsikiliza mteja akirudi, na nauliza chupa gani iliisha mezani na gani ilibaki nusu. Kwa mtu anayenunua mvinyo mara chache kwa mwaka, Krismasi, ruracio (sherehe ya mahari) au wageni wa Jumapili, huo ndio ushahidi unaomfaa. Nimepanga hivi kwa kuufuata.

Wa kwanza ni mvinyo mtamu wa Afrika Kusini, chupa ya mililita 750, kama 4th Street au Four Cousins. Wajuzi huudharau kwa sababu ya sukari. Lakini shangazi aliyetoka Molo, aliyezoea chai ya maziwa na soda, hatafurahia kinywaji kinachomkausha ulimi, na ni yeye unayemnunulia. Four Cousins hutoka Robertson, na jina lake linatokana na binamu wanne wa ukoo wa Retief. Kama hujui wageni wako wanapenda nini, chukua mwekundu mtamu na uuweke kwenye friji kwanza. Huo ndio nauliziwa tena na tena.

Ila utamu usikudanganye kuhusu nguvu. Tafuta asilimia ya pombe kwenye lebo. Bia ya Tusker ya mililita 500 ina asilimia 4.2, yaani mililita 21 za pombe tupu. Chupa ya mvinyo wa asilimia 8 ina 60, karibu Tusker tatu. Ikiwa asilimia 13, inakaribia 98, zaidi ya Tusker nne na nusu. Naisema hesabu hii dukani kila mara, hasa kwa anayesema atakunywa chupa moja tu kisha aendeshe gari kupitia Salgaa, barabara inayojulikana kwa ajali. Mvinyo hunywewa kama juisi na watu wasioujua, na hilo linanihangaisha kuliko kitu kingine chochote katika biashara hii.

Wa pili, na wa kwanza kabisa kama ni zawadi, ni Leleshwa, mvinyo wa Kenya. Zabibu zake hulimwa Naivasha, humu humu kaunti yetu, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,900 ambako baridi ya usiku hupunguza makali ya jua la ikweta. Jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivu ambacho kila aliyesafiri Bonde la Ufa amekiona. Mgeni kutoka nje ukimpa mvinyo wa Afrika Kusini, amepata kitu anachoweza kununua kwao. Huu una la kusimulia. Si kila duka huuweka, kwa hiyo uulizie mapema, na ujue kwamba Sauvignon Blanc na Shiraz zake si za wapenda sukari.

Wa tatu ni mvinyo wa boksi. Watu huuonea aibu bure. Gawanya bei kwa lita na mara nyingi utaona boksi limeishinda chupa. Boksi la lita 5 ni zaidi ya chupa sita, na ukimimina mililita 150 kwa kila glasi unapata glasi 33. Ndani kuna mfuko unaosinyaa mvinyo unapotoka, hewa isiingie, ndiyo maana ukifunguliwa hukaa wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa huanza kuharibika ndani ya siku tatu hadi tano hata ikiwa kwenye friji. Kama una sherehe ya ua mzima, usinunue chupa.

Mwekundu usio na sukari nimeuweka wa nne. Unakwenda vizuri na nyama choma yenye mafuta, wanywaji wake hurudi kuniambia hivyo, lakini mnunulie anayeujua tu. Ule wenye povu ni wa harusi: upoze sana kabla ya kufungua, shika kizibo na uzungushe chupa polepole, na usiuelekeze usoni mwa mtu.

Wa mwisho ni mvinyo ulioongezwa pombe kali, wenye asilimia 16 hadi 20. Huchukuliwa kwa sababu chupa inafanana na nyingine, kisha unamiminwa glasi zilezile kubwa. Soma asilimia kabla ya kulipa.

Na popote ununuapo, usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua. Mvinyo huharibika kwa joto na mwanga. Tazama stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru, kisha uichunguze kwa programu yao ya Soma Label kwenye simu. Usimtume mtoto dukani: sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na mimi nitamrudisha mikono mitupu.

Kila unaponunua mvinyo wa wageni, ongeza chupa ya kinywaji cha zabibu kisicho na pombe. Kwenye meza yoyote ya Nakuru kuna Msabato, Mwislamu, mjamzito, dereva au mtu aliyeacha pombe, na wote hao huishia kupewa maji huku wengine wakigonganisha glasi. Kama kuna ambaye hataki hata tone, soma lebo vizuri, kwa sababu baadhi ya zinazoitwa hazina pombe huwa na hadi asilimia 0.5, mtafutie iliyoandikwa 0.0 au juisi ya zabibu yenye povu.