Picha za Masadhu kwa Kamera ya Mbao: Studio Moja ya Varanasi Yapimwa

Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu nchini India, haina upungufu wa watu wanaopiga picha za masadhu, yaani watawa wa Kihindu. Alfajiri yoyote, kwenye ngazi zinazoshukia Mto Ganges, mtawa mwenye ndevu ndefu na majivu usoni hazungukwi na waumini tu bali pia na watalii wenye kamera shingoni, na picha zinazotoka hapo hufanana hata mtu akashindwa kutofautisha ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita. Studio ninayoizungumzia hapa, iliyomo uani mwa nyumba ya zamani kwenye vichochoro vya nyuma ya Assi Ghat, huuza kitu kingine: nusu siku ya kupiga picha za watawa wa Kihindu kwa namna ya karne ya 19, kwa kamera ya mbao, lenzi ya shaba, pazia lililochorwa kwa mkono na vioo vinavyopakwa dawa papo hapo. Mteja hukaa nyuma ya kamera mwenyewe, akiongozwa na fundi na msaidizi wake. Gharama yake inakaribia ile ya kulala usiku mmoja katika hoteli nzuri ya mji huo, kwa hiyo ni haki kuuliza kama kinachopatikana kinalingana na fedha inayotolewa.

Kwa upande wa ufundi, kinalingana kabisa. Studio nyingi zinazojitangaza kuwa za mtindo wa kale hupiga picha ya kawaida na kuigeuza kuwa ya kahawia kwa kompyuta, lakini hapa hutumiwa kolodioni, dawa nzito ya majimaji inayoacha utando mwembamba juu ya kioo, kwa njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo humwagiwa kolodioni, kikaloweshwa katika maji ya naitreti ya fedha kwa takriban dakika tatu, kikaingizwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, kikapigwa picha, kisha kikakimbizwa kwenye chumba cha giza kusafishwa kabla dawa haijakauka. Kazi yote haina budi kumalizika ndani ya dakika kumi hivi, na joto likizidi muda huo hupungua zaidi. Fundi wa studio hii humwaga dawa kwa utulivu wa mtu anayemimina kahawa kwenye vikombe vidogo, akiinamisha kioo pembe baada ya pembe, na ziada yote hurudi chupani bila tone kuanguka. Anaeleza kila hatua kwa subira, na humwachia mgeni aharibu kioo kimoja au viwili kabla ya kuitwa mtu wa kupigwa picha.

Faida ya njia hii kwa somo hili hasa iko kwenye rangi. Kolodioni huuona vizuri mwanga wa buluu na urujuani, lakini nyekundu na ya machungwa karibu haizioni. Nguo ya zafarani ya sadhu, ambayo katika picha za kawaida hulivamia jicho kabla ya kitu kingine chochote, hapa huwa karibu nyeusi. Alama nyekundu ya paji la uso nayo huwa nyeusi. Majivu yaliyopakwa usoni na mikononi hubaki meupe na kung'aa. Uso hujitokeza gizani peke yake, ukiwa na kila kunjo na kila unywele wa ndevu. Kupaka rangi ya kahawia juu ya picha ya simu hakuwezi kuleta matokeo hayo, kwa kuwa uhusiano wa mwanga na giza unakuwa umekwisha kuamuliwa vingine. Anayeona kioo ni ghali anaweza kuomba kamera ya filamu isiyoona nyekundu, ambayo studio pia inayo; matokeo yake yanakaribia hayo, ingawa hayafiki pale pale.

Tena, picha moja huhitaji sekunde kadhaa kwenye kivuli cha ua. Studio za zamani ziliweka chuma nyuma ya shingo ya mpigwaji ili kichwa kisitikisike, na mimi mwenyewe nilipokaa kwa majaribio nilitoka na macho mawili yasiyo na mboni. Mzee aliyefuata, mtu aliyezoea kukaa saa nzima katika kutafakari, hakuhitaji chuma wala maelekezo. Alikunja miguu, akatazama lenzi, na mpaka kifuniko kiliporudishwa hapakuwa na kilichosogea ila moshi wa ubani.

Tatizo la studio hii limo ndani ya sanduku la mapambo. Msaidizi huweka kando ya pazia mkuki wa ncha tatu, shanga za mbegu za rudraksha, kata ya maji na ngozi ya kukalia, na kila anayeingia huvishwa na kushikishwa vitu hivyo ili picha ipendeze. Mmoja wa waliokuja siku hiyo alikuwa na mistari ya wima pajini na shanga nyembamba za mti wa tulsi shingoni, alama zinazoonyesha kwamba ni mfuasi wa mungu Vishnu. Mkuki wa ncha tatu ni silaha ya mungu mwingine, Shiva, ambaye wafuasi wake hujichora mistari mitatu ya mlalo. Mzee aliutazama ule mkuki, akausukuma pembeni kwa ncha za vidole, akasema maneno machache kwa Kihindi yaliyomfanya fundi aombe radhi. Tulimpiga picha akiwa na fimbo yake na kifurushi chake, na hicho ndicho kioo bora nilichotoka nacho. Studio inayotoza bei hii haipaswi kusubiri kufundishwa jambo hilo na anayepigwa picha.

Kasoro nyingine inahusu majina. Daftari la studio huandika tarehe, dawa na muda wa mwanga kwa uangalifu mkubwa, lakini mahali pa mtu huandikwa tu "Sadhu, Banaras", jina jingine la Varanasi. Mtindo huu wa kale umekuja na historia yake. Kati ya 1868 na 1875 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilichapisha juzuu nane za picha za watu wa India, wengi wao wakionyeshwa kama vielelezo vya kabila, tabaka au kazi, si kama watu wenye majina. Sisi wa pwani tunaifahamu vizuri tabia hiyo, kwa kuwa kadi za posta zilizouzwa Zanzibar na Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwaonyesha bibi zetu wakiwa wamevaa kanga na vipini vya pua, na chini yake hapakuandikwa jina la mtu. Mgeni anaweza kurekebisha hali hii kwa kumwomba msaidizi aulize: wengi wa wazee hao hutaja kwa furaha jina walilopewa na mwalimu wao walipoingia utawani, na wengine hutaja madhehebu yao pia. Asiyetaka kutaja aachwe.

Kuhusu fedha, studio iko wazi kuliko nilivyotarajia. Kila mtawa hupewa sadaka yake mkononi kabla hajakaa, akipenda aondoke nayo bila kupigwa picha, na kiasi hicho kimo ndani ya bei. Kilichokosekana ni nakala: picha ya kioo ni moja tu, na mteja huondoka nayo. Niliomba kila mzee achapishiwe picha ndogo ya karatasi, na studio ilikubali kwa malipo ya ziada. Ingefaa huduma hiyo iwe ya kawaida, kwa sababu wawili kati yao waliisubiri kwa hamu kuliko nilivyovisubiri vioo vyangu.

Wakati unaofaa ni Novemba na Februari. Mwezi Mei joto hupita nyuzi 40 na kioo hukauka kabla hakijafika kwenye kamera. Desemba na Januari ukungu wa mto huchelewesha mwanga mpaka katikati ya asubuhi. Pia kila mwaka, kati ya Januari na Februari, masadhu wengi huenda Prayagraj, kama kilomita 120 kutoka hapo, kwa ajili ya Magh Mela, mkusanyiko wa kidini wa kuoga mtoni, na ua wa studio hubaki na wachache. Omba zamu ya asubuhi, sema mapema kwamba hutaki sanduku la mapambo lifunguliwe, na usipange siku ya kuondoka mjini, kwa kuwa vioo hupakwa vanishi yenye mafuta ya mrujuani inayotakiwa kukauka usiku kucha kabla havijapangwa kwenye kisanduku cha mbao cha safari.